Barua ya wazi kwa mnaochora mipaka ya kata na halmashauri: mstari wa zamani msiufute

Kwa waheshimiwa wajumbe wa tume, makatibu, wapima ramani na wote mliopewa dhamana ya kugawa mipaka ya kata, wadi na halmashauri,

YAH: KUHIFADHI NA KUWEKA WAZI MIPAKA YA ZAMANI KILA MNAPOCHORA MIPYA

Salaam waheshimiwa. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika hadharani kwa sababu njia ya kimya kimya imegoma. Nilianza kwa adabu kama inavyotakiwa, barua ya kwanza nikaipeleka kwa mkono ikagongwa muhuri wa kupokelewa, narudi baada ya wiki tatu naambiwa faili liko mezani kwa mkubwa, barua ya pili naambiwa aliyekuwa anashughulikia amehamishwa, ya tatu hata muhuri haikupata. Simu nimepiga mpaka dada wa mapokezi akawa ananitambua kwa sauti, na namshukuru, siku zote alinijibu kwa heshima, shida haikuwa yeye. Ofisi yenyewe siitaji. Nimeongea na watu wa sehemu nyingi tofauti na nimeona hili sio la ofisi moja, ndio maana barua hii nawaandikia nyote.

Nilichokuwa naomba ni kitu kidogo: ramani ya kata yetu kabla ya mabadiliko ya mwisho, na ile ya kabla ya hapo. Basi. Sikuomba mpaka urudishwe, sikuomba mtu awajibishwe. Jibu nililopata mwishoni, tena kwa mdomo tu, ni kwamba ramani inayotambulika ni hii ya sasa, hizo nyingine zimepitwa na wakati na hakuna anayejua ziko wapi.

Sasa mjue kwa nini naziulizia. Nyumba yetu haijasogea hata hatua moja tangu ijengwe lakini imeshakaa kwenye kata tatu. Mara ya kwanza tulipohamishwa diwani alikuwa ametuahidi mtaro, maana maji ya mvua yanapita mlangoni, na ile ahadi ilishafika hatua ya watu kuja kupima na kuchomeka vijiti. Mpaka ukabadilika, diwani mpya akasema mtaro sio wake, yeye amekuta kata ina vipaumbele vingine. Tukahangaika naye miaka, akaanza kuelewa, mpaka ukabadilika tena. Huyu wa tatu anatuambia kwa ukweli kabisa kwamba kwenye makabrasha aliyoyakuta mtaa wetu haumo hata mara moja. Na simlaumu, kweli haumo, sisi makabrasha yetu yako kata ambayo siku hizi sio yetu na wale wa kule nao hawana sababu ya kuyafungua.

Kabla sijaorodhesha malalamiko niseme wazi, maana najua mtu atasoma nusu halafu aseme huyu anapinga maendeleo: sipingi mipaka kubadilika. Mpaka usiobadilika nao ni dhuluma. Watu wanahama, wanazaliana, mji unapanuka unameza mashamba, sehemu nyingine vijana wanaondoka wanabaki wazee. Ukiacha mstari pale pale miaka nenda rudi, kura ya mtu mmoja inakuwa na uzito wa watu kumi na ya mwingine haina uzito wowote. Uingereza mpaka mwaka 1832 kilima cha Old Sarum, ambacho karibu hakuna mtu aliyekuwa anaishi pale, kilikuwa kinapeleka wabunge 2 bungeni, na Dunwich, mji ambao sehemu yake kubwa ilishamezwa na bahari, nao wabunge 2, wakati Manchester iliyojaa watu na viwanda haikuwa na mbunge wake hata mmoja. Marekani, jimbo la Tennessee lilikaa bila kugawa upya viti vya bunge lake tangu 1901 mpaka wananchi wakaenda mahakamani na kesi ikafika Mahakama ya Juu mwaka 1962. Na msiseme hayo ni mambo ya wabunge tu, kwenye halmashauri ndiko kubaya zaidi. Kesi ya Midland kule Texas, iliyoamuliwa 1968, ilikuwa ya baraza la kaunti lenye maeneo manne yanayochagua mjumbe mmoja mmoja: eneo moja lilikuwa na watu 67,906, mengine matatu yalikuwa na watu 852, 828 na 414. Soma tena hizo namba. Mjumbe wa watu 414 ana kura sawa na mjumbe wa watu karibu elfu 68, wanakaa meza moja wanagawana barabara.

Kwa hiyo badilisheni, ni kazi yenu na ni ya lazima. Malalamiko yangu ni mnavyobadilisha halafu mnafuta nyayo.

1. Jina linabaki, mahali panabadilika

Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote kwa hiyo mnivumilie nitakaa nalo.

Kata ikiitwa jina fulani mwaka huu na ikaitwa jina hilo hilo miaka kumi baadaye, kila mtu anadhani ni kitu kimoja. Mwandishi wa habari anadhani hivyo, mwanafunzi anayeandika utafiti anadhani hivyo, hata ofisa mipango aliyeajiriwa juzi anadhani hivyo. Anachukua idadi ya watu ya zamani na ya sasa, anatoa, anaandika kwamba kata imekua kwa kasi au imepungua. Kumbe hakuna aliyekuja wala aliyeondoka, mstari ndio umehama. Shule ilikuwa ndani sasa iko nje, basi takwimu zinasema kata imepoteza shule. Zahanati imeingia, basi diwani anasimama jukwaani anasema katika kipindi changu tumepata zahanati, na karatasi inamuunga mkono.

Angalieni mfano mkubwa ambao kila mtu anaweza kuuona. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilihesabu Mkoa wa Mbeya watu zaidi ya milioni 2.7. Sensa ya 2022 ikahesabu Mkoa wa Mbeya watu kama milioni 2.3. Asiyejua atasema watu wamekimbia Mbeya. Anayejua atakwambia mwaka 2016 Mbeya ilimegwa ukazaliwa Mkoa wa Songwe, na Songwe peke yake 2022 ilikuwa na zaidi ya milioni 1.3, kwa hiyo eneo lile lile la zamani limekua sana tu. Hapo tunaelewa kwa sababu ni mkoa, jambo limetangazwa nchi nzima, jina jipya limetokea. Sasa teremka mpaka kwenye kata, ambako mnahamisha mitaa miwili huku na kitongoji kimoja kule, jina halibadiliki, redio haitangazi, na baada ya uchaguzi mmoja hata wazee wanaanza kubishana mpaka ulikuwa wapi. Ni nani atakuja kusahihisha hesabu za kata kama sio nyinyi?

Na dawa ipo, sio jambo la kubuni leo. Uingereza wale wa takwimu wameipa kila kata namba yake, inaanza na E05 kwa kata za England, na mpaka wa kata ukibadilishwa kisheria kata inapewa namba mpya hata kama jina limebaki lile lile. Likibadilika jina tu bila mpaka kuguswa, namba inabaki. Yaani namba imefungwa kwenye mstari, haikufungwa kwenye jina. Mtu akikuta namba mbili tofauti anajua moja kwa moja asilinganishe bila kuuliza kilichotokea katikati. Hii haihitaji mitambo. Inahitaji daftari na mtu mmoja makini.

2. Mstari unahama bila sababu kuandikwa

Mimi nikihamisha uzio wa jirani hata kwa hatua mbili nitaitwa nijieleze. Nyinyi mnahamisha maelfu ya watu na karatasi inayotoka ina maelezo ya mpaka mpya tu, kuanzia barabara hii mpaka mto ule, haina hata sentensi moja ya kwa nini.

Na mnajua vizuri kwa nini tunauliza. Mwaka 1812 Gavana Elbridge Gerry wa Massachusetts alisaini sheria ya kugawa viti vya seneti ya jimbo, eneo moja likapinda pinda kufuata kura za chama chake mpaka gazeti la Boston likalichora kama mnyama mwenye mabawa na makucha, na jina la yule gavana likaingia kwenye lugha yao kama jina la hila hiyo mpaka leo. Hiyo ni zaidi ya miaka 200 iliyopita, kompyuta hakuna. Leo mtu akiwa na matokeo ya kila kituo na ramani kwenye skrini anaweza kujaribu mipaka mia kwa siku moja akachagua inayompa anachotaka.

Nielezeeni kama nimekosea, lakini hesabu yenyewe ni rahisi kiasi hiki. Tuseme kuna mitaa 9 yenye watu sawa, inatakiwa itoke kata 3 za mitaa mitatu mitatu. Mitaa 5 inataka diwani wa upande mmoja, mitaa 4 upande mwingine. Ukiichanganya ile 4 ukaweka miwili kata ya kwanza, miwili kata ya pili, na kata ya tatu usiweke hata mmoja, basi ile mitaa 4 imepata kata 2 kati ya 3, wachache wameshika baraza. Ukiirundika mitatu sehemu moja na mmoja ukautupa kwingine, imepata kata 1. Watu wale wale, kura zile zile, hakuna aliyeiba sanduku wala aliyejaza fomu mara mbili. Kilichobadilika ni kalamu yako imepita wapi.

Simaanishi kila mstari umechorwa kwa hila. Naamini mingi imechorwa na watu waliokuwa wanajaribu kusawazisha idadi, kufuata barabara, kutokugawa jamii moja vipande viwili. Lakini bila mstari wa zamani kuwekwa pembeni ya mpya na sababu kuandikwa chini yake, mimi raia sina njia ya kutofautisha fundi mwaminifu na mwenye hila, na yule mwaminifu ndiye anayeumia zaidi maana wote mnaonekana sawa.

3. Tarehe hazijulikani

Mpaka mpya unaanza kazi lini? Siku mlipokaa kikao, siku ulipotangazwa, siku ya uchaguzi, au siku mwaka wa fedha unapoanza? Mimi nimeona kwa macho yangu kipindi ambacho orodha ya wapiga kura ilikuwa inafuata mpaka mpya, huku maji, takataka na leseni vinafuata wa zamani, na ukienda kuuliza kila dirisha linakuelekeza dirisha lingine, yaani mtu mmoja ana wakubwa wawili na hana hata mmoja.

Katiba ya Kenya ya 2010 ina kipengele kizuri hapa na nakitaja kwa heshima. Ibara ya 89 inasema mipaka ya maeneobunge ipitiwe kila baada ya muda usiopungua miaka 8 na usiozidi 12, inataka majina na maelezo ya mipaka yachapishwe kwenye Gazeti rasmi, inasema mabadiliko yanaanza kutumika lini, na inampa mtu yeyote siku 30 za kwenda Mahakama Kuu kuomba uamuzi upitiwe. Hata tofauti ya idadi ya watu inayoruhusiwa imeandikwa, asilimia 40 kwa majiji na sehemu zenye watu wachache waliotawanyika, asilimia 30 kwingine. Ni ahadi iliyo na tarehe. Lakini hata hapo, mapitio ya mwisho yalitoka 2012, miaka 12 ikaisha 2024 mapya hayajafanyika, na huku wananchi wa maeneobunge 290 na wadi 1,450 wanaendelea na mistari iliyochorwa kwa hesabu za sensa ya 2009. Sheria nzuri isiposimamiwa inawachosha watu kuliko ambayo haipo, maana hii walishaiamini.

4. Mikutano ya maoni bila ramani mbili

Tunaitwa kwenye mkutano, tunakaa, anasimama mtu anasoma maelezo ya mpaka kwa dakika arobaini, kuanzia makutano ya barabara fulani kuelekea kaskazini mashariki mpaka kwenye kona ya kiwanja namba fulani, halafu anauliza kuna maoni? Maoni gani sasa? Hakuna binadamu anayeweza kuona mpaka kwa masikio. Watu wanapiga makofi wanaondoka, kwenye ripoti inaandikwa wananchi wameshirikishwa.

Ushirikishwaji wa hivyo una bei yake na wengine wameshailipa. Afrika Kusini mwaka 2005 walibadilisha mipaka ya majimbo yao, watu wa Khutsong katika manispaa ya Merafong wakatolewa Gauteng wakaingizwa North West wakati wenyewe walishasema hawataki. Ikawa vurugu za muda mrefu, watoto wakakosa masomo, uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2006 karibu wote wakaususia, na mwaka 2009 wakarudishwa Gauteng. Miaka yote ile kumbe ni ya kurudi pale pale. Mwaka 2016 ikaja Vuwani, jimbo la Limpopo, watu wanapinga kuingizwa kwenye manispaa mpya, shule zaidi ya 20 zikachomwa moto. Kuchoma shule hakuna mtu mwenye akili anayekutetea na mimi sikutetei, ni watoto wa pale pale walioumia. Lakini watu wanaofika hapo ni watu waliohisi wameongea mpaka sauti imekauka.

5. Halmashauri zikiunganishwa au kugawanywa, makabrasha yanayeyuka

Hii ya kuunganisha imekuwa kubwa duniani. Denmark mwaka 2007 walitoka manispaa 271 wakabaki na 98. Afrika Kusini mwaka 2000 walitoka 843 mpaka 284. Japani ilikuwa na zaidi ya 3,200 mwaka 1999, miaka kumi na kidogo baadaye zimebaki kama 1,700. Na kwetu mwelekeo mara nyingi ni wa kugawanya, halmashauri moja inazaa mbili, mbili zinazaa tatu. Iwe hivi au vile, swali langu ni moja: kabati la ile ofisi iliyokufa limeenda wapi? Ramani za viwanja, muhtasari wa vikao, orodha ya miradi iliyoahidiwa, nani kapewa nini. Mama mmoja jirani yetu alihangaika karibu mwaka mzima kuthibitisha kiwanja chake kwa sababu hati inataja kata ambayo kwenye mfumo wa sasa haipo, na kila ofisi ilikuwa inamwambia aende kwenye kata hiyo. Aende wapi?

6. Mpaka unaoelezwa kwa vitu vinavyohama

Hili fupi. Mto unahama, mti unakatwa, barabara ya vumbi inasogezwa wakijenga lami. Mkiandika mpaka unafuata mto, andikeni pia vipimo vya pale mto ulipokuwa siku hiyo, ili mto ukihama tujue kama mpaka umehama nao au umebaki. Watu wamegombana sana kwa hili na jibu lilikuwa sentensi moja tu.

Sasa najua mtakachonijibu, maana mengi nilishajibiwa dirishani.

Mtasema hakuna bajeti. Waheshimiwa, kuchora mpaka mpya ndio gharama, mnatuma wapima, mnalipa posho, mnachapisha. Kutokufuta wa zamani ni bure. Faili la ramani ya halmashauri nzima linaingia kwenye simu ya mtu na nafasi inabaki.

Mtasema tayari ilitangazwa kwenye gazeti la serikali. Ni kweli, na nimeyasoma hayo matangazo, yanasema mpaka mpya ulivyo lakini kujua kilichobadilika inabidi nitafute tangazo la zamani nilinganishe mstari kwa mstari, na hilo la zamani ndilo ambalo halipatikani. Mtasema watu wa kawaida hawaelewi ramani, na hilo lilinichoma kidogo niliposikia. Fundi anayesoma mchoro wa nyumba ni mtu wa kawaida, dereva anayefuata ramani kwenye simu ni mtu wa kawaida, mkulima anajua mpaka wa shamba lake kwa giza. Tuleteeni muone.

Halafu kuna ile ya ramani za zamani zitafufua migogoro. Hii naichukulia kwa uzito, sio hoja ya kijinga. Kweli kuna mtu anaweza kuchukua ramani ya miaka ishirini iliyopita akaenda nayo kudai eneo. Lakini angalieni migogoro inayotokea sasa hivi bila ramani, kila mtu ana ramani yake kichwani, mzee huyu anasema mpaka ulikuwa kwenye kisima, yule anasema kwenye njia panda, na hakuna karatasi ya kuwaamua. Ramani ya zamani ikiwa wazi na tarehe yake, na juu yake imeandikwa ilitumika mwaka fulani mpaka mwaka fulani, haina nguvu ya leo, inanyamazisha ugomvi mwingi kuliko itakaouamsha. Ramani iliyofichwa ndiyo inayoogopesha, kila mtu anaamini inasema anachotaka yeye.

Na mwisho mtasema kazi hii ilifanywa na waliowatangulia. Sawa. Hatuwadai ya waliopita zaidi ya kukusanya kilichobaki. Tunawadai ya kuanzia kesho.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba mtu mmoja mwenye jina na cheo ajibu kwa maandishi.

Kwanza, kila mpaka uliowahi kutumika na ambao bado una kumbukumbu, uwekwe wazi ukiwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Lile faili lenyewe lenye mistari, linalofunguka kwenye programu za ramani, sio picha ya karatasi iliyopigwa imepinda na maandishi hayasomeki. Pale ambapo ramani imepotea kabisa semeni imepotea, mwaka gani, na muiteni kila mwenye nakala aje nayo, kuna walimu wastaafu na madiwani wa zamani wana makaratasi chini ya kitanda mngeshangaa.

Pili, kila mabadiliko yatoke na jedwali la uhamisho. Mtaa huu ulikuwa kata hii, sasa uko kata ile, una watu wangapi kwa sensa ya mwisho. Kurasa chache tu. Jedwali hilo ndilo ningelipeleka kwa diwani wangu wa tatu nikamwonyesha mtaro wetu ulianzia wapi na akaidai ile kata ya kwanza makabrasha.

Tatu, kila kata ipewe namba inayobadilika mpaka ukibadilika.

Nne, sababu iandikwe kwa kila mstari uliohama, hata sentensi mbili. Idadi ilizidi, barabara mpya imekata eneo, wananchi wameomba. Kama sababu haiandikiki basi mstari usihame.

Tano, mkutano wa maoni usifanyike bila ramani mbili ukutani, ya sasa na inayopendekezwa, na ziwe zimebandikwa pale watu wanapopita si chini ya siku 30 kabla, na nakala watu waruhusiwe kupiga picha. Nimewahi kukatazwa kupiga picha ramani ya kata yangu mwenyewe, naomba hilo lisimtokee mwingine.

Sita, ofisi inapovunjwa au kugawanywa, iandikwe orodha ya makabrasha na kila moja limeenda wapi, isainiwe na anayekabidhi na anayepokea, na miradi iliyokuwa imeahidiwa iwe ndani ya orodha hiyo.

Nawapa siku 30 za kunijibu, nimechagua 30 kwa sababu ni muda unaotosha kutafuta kwenye kabati. Barua zangu tatu za mwanzo ninazo, mbili zina muhuri, na nikijibiwa nitaliweka jibu hapa hapa hadharani kama lilivyo bila kukata neno. Kama mna ile ramani ya kata yetu, hata nakala iliyochanika, nitaifuata mwenyewe siku yoyote mtakayosema, asubuhi mapema, kabla foleni haijawa ndefu.

Wenu mtiifu,

Mkazi na mpiga kura wa mtaa uliohamishwa mara mbili